Usitupe Kikombe: Kutibu Makosa ya Resini Katika Joto na Unyevu wa Dar

Kabla hujashika msasa, na kabla hujachanganya tabaka la pili la kufunika aibu, kitafute kikombe ulichochanganyia. Kama umeshakitupa, kakitoe kwenye ndoo ya taka. Kilichobaki mle ndani ni resini ileile, iliyokorogwa na mkono uleule, saa ileile, ila yenyewe haikukutana na mbao wala kalibu. Ni shahidi wako, na makosa mengi ya epoksi, resini hii ya kuchanganya vimiminika viwili, yana majibu yake mle.

Kichane kwa kisu, uvue plastiki, kisha ubonyeze kwa ukucha sehemu tatu: donge la kitako, utando wa ukutani na ukingo wa juu. Donge likiwa gumu kama kioo lakini ukutani kuna ute unaonata, hukukwangua pembeni wakati wa kukoroga, na kazi yako itakuwa na madoa ya kunata hapa na pale. Kote kukiwa laini kama bigijii, kipimo kilikosewa au hadena, kile kimiminika cha pili cha kuigandisha resini, imeharibika. Kote kukiwa kugumu, na kazi nayo ni ngumu ila juu ina utelezi kama imepakwa mshumaa, basi mkosaji ni hewa. Ila usikihukumu kikombe kabla ya saa 24, na ukumbuke kwamba donge nene hujipasha joto lenyewe, kwa hiyo huwahi kugandamana kuliko tabaka la milimita 1 lililotandazwa juu ya ubao.

Uchunguzi huu huchukua dakika mbili. Watu wengi huuruka kwa sababu mteja yuko mlangoni anauliza, "Fundi, mbona bado inanata?", na jibu la haraka ni kumimina tabaka jingine juu. Tabaka jipya litakauka vizuri kabisa. La chini litabaki bichi, na baada ya muda utaona juu panabonyea ukiweka kidole, au panapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hapo kazi ya kukwangua tabaka moja imekuwa ya matabaka mawili, na moja kati yake ni gumu.

Kipimo

Epoksi siyo faiba. Fundi aliyezoea resini ya poliesta, ile ya boti na bodi za magari, anajua kwamba kichocheo chake huwekwa kidogo sana, kama asilimia 1 hadi 2, na ukiongeza matone kazi inakimbia. Akihamia epoksi na mazoea hayo, anaharibu. Kwenye epoksi hadena si kichocheo, ni nusu ya ndoa: kila sehemu yake lazima ipate mwenza kwenye resini. Ukiizidisha, iliyokosa mwenza inabaki imeloa mle ndani daima, na kazi inakuwa laini, inanata, inapata njano mapema. Haiharakishi chochote.

Kosa la pili ni mizani. Chupa imeandikwa 2:1, na mtu anaweka kikombe kwenye mizani ya jikoni. Soma tena lebo: 2:1 kwa ujazo au kwa uzito? Resini ni nzito kuliko hadena. Chukua resini yenye gramu 1.15 kwa mililita na hadena yenye gramu 0.97. Mililita 100 za resini ni gramu 115, na mililita 50 za hadena ni gramu 48.5, yaani kwa uzito ni kama 100 kwa 42. Aliyepima gramu 115 kwa 57.5 amezidisha hadena karibu moja ya tano, na atalaumu hali ya hewa. Watengenezaji wengi huandika uwiano wa uzito kando kwenye karatasi ya maelezo. Usipouona, pima kwa kikombe chenye alama za mililita na uiache mizani ipumzike.

Kwa kazi ndogo kama hereni, usichanganye chini ya gramu 50. Mizani inayosoma gramu nzima nzima inaweza kukudanganya gramu 1, na kwenye hadena ya gramu 6 hiyo si kidogo.

Koroga dakika 3 taratibu, ukikwangua ukuta na kitako. Hamishia kwenye kikombe cha pili kikavu, kwa kijiti kipya, ukoroge dakika 1 zaidi. Hatua ya kikombe cha pili inaonekana kama kupoteza vikombe, lakini ndiyo inayoua madoa ya kunata. Na usikiinamishe kikombe juu ya kazi kichuruzike hadi tone la mwisho. Tone hilo la mwisho linatoka ukutani, na ndilo ambalo halikuchanganyika.

Madoa ya kunata yanatibika. Yazungushie alama ya penseli, kwangua ute wote kwa kipande cha plastiki chenye ncha bapa, futa kwa kitambaa chenye isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi, badilisha kitambaa, futa tena. Acha saa nzima. Kisha piga msasa namba 220 uso mzima, siyo doa peke yake, hadi mng'ao wote ufe, ufute vumbi na kumimina tabaka jipya juu ya kazi yote. Ukijaza doa tu, ukingo wake utaonekana kila taa ikiwashwa.

Kazi iliyo laini yote haina dawa ya kupaka. Ipashe kwa mashine ya hewa moto hadi ianze kulegea, bila kuiacha ifuke moshi, kisha iinue kwa skrepa vipande vipande. Kwenye mbao malizia kwa msasa namba 80. Vaa glavu za nitraili muda wote, kwa sababu epoksi mbichi huzalisha mzio wa ngozi ambao ukishaingia haukutoki. Ikikugusa, osha kwa sabuni na maji. Tina na asetoni huilainisha na kuisukuma ndani ya ngozi, ndiyo maana mafundi wanaosafishia mikono nazo huishia na vidole vinavyowasha mwaka mzima.

Utando wa mafuta usio mafuta

Hili ndilo kosa la jiji letu. Unagusa sinia asubuhi, gumu, halinati, lakini mkono unateleza na mng'ao una ukungu mweupe. Hadena nyingi za epoksi zina kemikali iitwayo amini, nayo ikiwa bado mbichi hukamata mvuke wa maji na kabonidayoksaidi ya hewani na kutengeneza chumvi laini juu ya uso. Kati ya Machi na Mei, masika ikiwa imekaza, unyevu wa hewa Dar hupita asilimia 80 kirahisi. Kuweka jiko la mkaa chumbani ili "kukausha hewa" kunaongeza yote mawili, mvuke na gesi, mbali na hatari kwa mtu anayelala humo.

Tiba ni maji. Chumvi hiyo huyeyuka kwenye maji, siyo kwenye tina. Chukua maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na sponji ya kijani ya jikoni, sugua, suuza, kausha kwa taulo safi kabla maji hayajakauka yenyewe. Pitisha kidole: kikilia kama kwenye sahani iliyooshwa, umemaliza. Ukianza na msasa kabla ya maji, utaona msasa unajaa uji mweupe ndani ya dakika, na sehemu ya uji huo unaizika kwenye mikwaruzo. Tabaka jipya litashika pale pasipo na uji na kubanduka palipo nao. Nimeona nisisitize mpangilio huu kwa sababu video nyingi za nje, zilizorekodiwa kwenye hewa kavu, zinaanza na msasa moja kwa moja.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mimina kati ya saa nane na saa kumi alasiri, wakati unyevu wa siku uko chini kuliko saa nyingine, ndani ya chumba kilichofungwa, na funika kwa boksi safi lisilogusa kazi. Kama una kiyoyozi, kiache kwenye nyuzi 24 hadi 26 kuanzia saa moja kabla hadi angalau saa sita baada. Usikipeleke nyuzi 18 halafu ukafungua mlango: hewa ya nje ikigusa uso wa baridi huacha maji, kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Boksi litakusaidia pia dhidi ya kumbikumbi. Mdudu akishatua, mtoe kwa kibano katika nusu saa ya kwanza. Resini ikishaanza kuvuta nyuzi kama asali, mwache hapo hapo. Utamtoa kesho kwa msasa, kwa sababu ukichokonoa sasa utaacha shimo kubwa kuliko yeye.

Maji huingia pia kwa mlango wa rangi. Rangi za maji za ukutani, wino wa kalamu, rangi za keki, zote zina maji ya kutosha kuivuruga resini ikawa na ukungu au ikabaki laini. Hata rangi ya unga usiipitishe asilimia 5 au 6 ya uzito wote.

Mapovu, na shimo moja likijazwa

Mapovu yanayotokana na kukoroga hupanda na kupasuka yenyewe, au kwa mpito mmoja wa tochi ya gesi, sentimita 10 hadi 15 juu, mkono ukiwa unatembea. Ukisimama sehemu moja unapata mawimbi, kisha njano, kisha moshi. Na kama umetoka kupuliza spiriti juu ya kazi, usiwashe moto. Chagua kimoja.

Mapovu yanayorudi kila dakika kumi mahali palepale ni mbao inapumua. Mbao iliyokaa juani ina hewa iliyotanuka kwenye vitundu vyake, na joto likiendelea kupanda hewa hiyo inatoka kupitia resini. Mwembe ni msumbufu zaidi ya mninga kwa hili. Paka kwanza tabaka jembamba la resini kwa brashi, kiasi cha gramu 150 hadi 200 kwa mita moja ya mraba, liache hadi linate bila kushika glavu, ndipo umimine. Na mimina mbao ikiwa inapoa, siyo inapopata joto.

Ukishapiga msasa, mapovu yaliyokuwa chini ya uso hufunguka na kujaa vumbi, nayo huonekana kama chembe za chumvi. Hapa ndipo wengi humimina tabaka jipya na kulaminisha vumbi lile milele. Twaa shimo moja. Litoboe kidogo kwa drili ya milimita 1 uliyoshika kwa vidole, bila mashine, ili mdomo uwe mpana kuliko tumbo. Toa vumbi kwa mswaki mkavu, kisha ncha ya kijiti cha meno iliyoviringishiwa uzi wa pamba wenye isopropili. Shimo likiwa jeupe bado, hujamaliza. Likigeuka wazi ukililowesha, ni safi. Subiri likauke. Chovya kijiti kipya kwenye resini, gusisha ukuta mmoja wa shimo na uache tone liteleze chini lenyewe likisukuma hewa juu upande wa pili. Ukidondosha katikati unaziba mdomo na kufungia povu jipya. Jaza hadi tone livimbe kidogo juu ya uso, kwa sababu litashuka. Kesho yake lisawazishe kwa wembe ulioulaza, kisha msasa. Resini ya kazi hii haifiki gramu 5, lakini changanya 50 zako vilevile, na nyingine imimine kwenye kalibu ya vibao vya kuwekea vikombe.

Vishimo vya duara ambavyo resini imevikimbia, ukaona ubao chini yake, havihusiani na hewa. Ni mafuta: ya nywele, ya kupikia, polishi ya fanicha, dawa ya silikoni ya dashibodi. Angalia pia spiriti yako. Baadhi ya spiriti za vidonda zina mafuta ya mbarika ndani yake ili zisikaushe ngozi, kwa hiyo unampaka adui ukidhani unamfukuza. Piga msasa 220, futa kwa isopropili halisi kwa vitambaa viwili, na safari hii mimina nene. Resini hujisawazisha kwenye unene wa takriban milimita 3. Ukiitandaza milimita 1, itajikunja na kuacha vishimo hata kwenye uso safi. Hesabu ni nyepesi: lita 1 kwa mita ya mraba ni milimita 1. Sinia la sentimita 40 kwa 30 ni mita za mraba 0.12, mara milimita 3, yaani mililita 360, na uongeze kidogo ya kumwagika pembeni.

Msaji una mafuta yake ya asili. Ufute kwa asetoni dakika chache kabla ya kumimina, siyo jana yake, kwa maana mafuta hupanda tena juu.

Ikianza kufuka

Muda wa kufanya kazi ulioandikwa kwenye chupa umepimwa kwa kawaida kwenye nyuzi 25 au chini yake. Kila nyuzi 10 zikiongezeka, muda hukatika karibu nusu. Dakika 40 za lebo, kwenye banda la bati la nyuzi 35, ni dakika 20. Kikombe chenye gramu 500 kikiachwa kimesimama kinaweza kuchemka, kutoa moshi na kuyeyusha plastiki. Kisikorogwe, kisifunikwe, kipeleke nje juu ya zege au mchanga, ujitenge na moshi wake. Dawa ni kumimina mara tu umemaliza kukoroga: ikitandazwa, joto linapata njia ya kutoka. Resini ya kupaka juu ya meza haikusudiwi kumiminwa sentimita 3 kwa mpigo. Ukifanya hivyo unapata nyufa, njano na mapovu ya kuchemka, na nyufa za namna hiyo hazijazwi. Zinakatwa kwa grenda au kazi inaanzwa upya.

Kuhusu kung'arisha sitasema sana. Ukitaka kwenda 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000 hadi 3000 kwa msasa wa maji, kisha kompaundi wanayotumia mafundi rangi wa magari, unaweza, na mkwaruzo mmoja wa 400 ulioruka utauona mwishoni kabisa. Kwa meza, naona ni jasho la bure. Simama kwenye 320, safisha, mimina tabaka la mwisho, na mng'ao utakuja wenyewe. Msasa wa hatua nyingi uwe kwa vipande vilivyotoka kwenye kalibu, ambavyo huna namna ya kuvimiminia tena bila kuharibu kingo. Vumbi lake livalie barakoa ya N95, na mvuke wa kumimina uvalie ile yenye vichujio vya mvuke. Ya kitambaa haitoshi kwa chochote kati ya hivyo.

Ufa unaokuja baada ya kulipwa

Meza ya mto, mbao mbili na resini ya bluu katikati, imetoka kwa mafundi wa Keko imenyooka. Wiki ya tano mteja anatuma picha: kati ya mbao na resini kuna mstari wa giza, kadi ya simu inapita. Fundi analaumu resini. Resini haijasogea.

Mbao iliyokaa kwenye banda la wazi la Dar, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, hutulia kwenye unyevu wa ndani wa takriban asilimia 14 hadi 16, hata ukiianika miaka kumi. Sebule ya Masaki yenye kiyoyozi siku nzima inaweza kuwa na hewa ya asilimia 50 hadi 55, na humo mbao ileile hushuka hadi 9 au 10. Ikishuka inasinyaa kwa upana. Ubao wa sentimita 30 unaweza kupoteza milimita 2 hadi 3, mninga pungufu ya hapo, na resini ya katikati haisinyai nayo. Sehemu dhaifu ndiyo inayoachia.

Usiuzibe ufa siku hiyo. Meza ibaki humohumo ndani wiki 4 hadi 6, kiyoyozi kikiendelea kama kawaida yake, na upime ufa kila wiki kwa kuingiza vipande vya karatasi na kuvihesabu. Wiki mbili mfululizo hesabu isipobadilika, mbao imetulia. Safisha ndani ya ufa kwa wembe mwembamba hadi uone mbao mbichi, vuta vumbi, bandika chini tepu ya kufungia maboksi, kwani resini haiishiki. Tumia resini nyepesi, ile iliyotengenezwa kumiminwa kwa tabaka nene, kwa sirinji, ukianzia upande mmoja na kuifuata inavyojisogeza. Rangi ichukue kutoka kwenye akiba ya mchanganyiko wa unga uleule, ambayo unapaswa kuwa umeiweka kwenye kijichupa siku ya kwanza. Bluu mbili za maduka mawili hazifanani. Kisha igeuze meza upake resini au vanishi chini pia. Upande wa chini ulioachwa mtupu hupoteza maji haraka kuliko wa juu, na ubao unajikunja kama dafu lililokatwa.

Meza inayofuata, kama unajua inaenda kwenye kiyoyozi, ziweke mbao kwenye chumba chenye kiyoyozi kwanza, kipima unyevu kisome 10 hadi 12 ndipo uchonge. Na siku ya kuikabidhi mpe mteja vibao vya kikombe, maana resini nyingi za sanaa huanza kulegea kwenye nyuzi 50 hadi 60, na chai ya rangi iliyotoka jikoni imezidi hapo. Duara la kikombe likishatokea, jaribu kwanza hewa moto ya wastani kutoka mbali kwa dakika 2: likiwa ni bonde tu, linaweza kurudi juu. Likiwa jeupe, ni msasa 320 na tabaka jipya.